Kabla hujaandika "yuko chini ya kiwango": uzi kuhusu kupima utimamu wa mwili na mwendo kwa wagonjwa na watoto

Tabibu_wa_Viungo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mada hii nimekuwa nikiigusa kidogo kidogo kwenye nyuzi za wengine, leo naomba niimwage yote sehemu moja. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupima watu: mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mzee aliyepata kiharusi, mgonjwa wa mapafu anayehema kwa kuvaa viatu tu, na watoto wasio na ugonjwa wowote ambao wazazi wameambiwa mwili wao "hauko sawa". Wengi wanakuja na karatasi. Juu yake kuna namba: mita 410, kilo 14, sekunde 13. Chini yake kuna hukumu: duni, wastani, chini ya kiwango. Ninachokitafuta kwenye karatasi hiyo mara nyingi hakipo. Alipimwa ili tujue nini? Alipimwaje? Na amelinganishwa na nani?

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayepinga apinge akijua anapinga nini: kipimo cha mwili kisicho na majibu ya maswali hayo hakistahili kuingia kwenye faili la mgonjwa wala kwenye ripoti ya mtoto. Kinaumiza watu. Nimeona mtoto akiacha michezo kabisa kwa sababu ya namba moja. Nimeona mgonjwa akikatishwa mazoezi yaliyokuwa yanamsaidia kwa sababu kipimo chake cha pili kilifanyika kwenye korido fupi kuliko cha kwanza.

Nianze na kisa cha zamani. Mwaka 1954 Hans Kraus na Ruth Hirschland walichapisha matokeo ya watoto wa Marekani na wa Ulaya (Austria, Italia na Uswisi) kwenye vipimo sita vya misuli vinavyoitwa Kraus-Weber. Kwa Marekani asilimia 57.9 walishindwa, kwa Ulaya asilimia 8.7. Habari ikafika mpaka kwa Rais Eisenhower, na mwaka 1956 likaundwa baraza la kushughulikia utimamu wa vijana. Taifa zima likashtuka.

Sasa angalia vipimo vyenyewe. Kuinuka kutoka kulala chali, kuinua miguu, kuinua kifua na miguu ukiwa umelala kifudifudi, kugusa sakafu kwa vidole magoti yakiwa yamenyooka. Jibu ni ndiyo au hapana, na ukishindwa kimoja umehesabiwa umeshindwa vyote. Asili yake ni kliniki ya matatizo ya mkao na mgongo. Hakuna hata kimoja kinachouliza moyo na mapafu vinafanya kazi vipi. Mtoto angeweza kuwaacha wenzake wote kwenye mbio ndefu na bado akaandikwa ameshindwa kwa kuwa vidole havikugusa chini. Sisemi hofu ya wakati ule haikuwa na msingi. Ninachosema ni kwamba kipimo kilichobuniwa kujibu swali la mgongo kilifanywa kijibu swali la afya ya kizazi kizima, na tabia hiyo haijaisha.

Tuje kliniki. Chukua kipimo ambacho watu wanadhani ni rahisi kuliko vyote: kutembea kwa dakika 6. Asili yake ni mbio za dakika 12 za Kenneth Cooper, alizochapisha mwaka 1968 baada ya kuwapima wanajeshi wa anga wa Marekani. Mwaka 1976 madaktari wa mapafu wakazigeuza kuwa kutembea kwa dakika 12, na mwaka 1982 ikaonekana dakika 6 zinatosha, maana 12 zilikuwa zinawamaliza wagonjwa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2002 na ATS, chama cha wataalamu wa mapafu cha Marekani, ndio msingi wa kazi mpaka leo.

Kipimo kinafanyika hivi. Korido iliyonyooka yenye sakafu ngumu, urefu mita 30, alama kila baada ya mita 3, koni mbili za kugeukia. Mgonjwa anakaa kitini angalau dakika 10 kwanza. Unapima mapigo ya moyo na presha, unamvisha kidoleni kifaa cha kusoma oksijeni, kisha unamwonyesha mizani ya Borg ili mwenyewe akutajie anavyohema na anavyochoka. Anavaa viatu alivyovizoea. Kama anatembelea fimbo, anatembea nayo. Hakimbii. Akichoka anaruhusiwa kusimama na kuegemea ukuta, lakini saa haisimami. Na wewe mpimaji hutembei ubavuni kwake, kwa sababu atafuata mwendo wako. Unabaki sehemu yako, na kila dakika unatoa sentensi iliyowekwa na mwongozo, kwa sauti ile ile; dakika ya kwanza ikiisha, kwa mfano: "Unaendelea vizuri, zimebaki dakika tano." Kisha unanyamaza mpaka dakika inayofuata.

Kwa nini ukali wote huu kwa jambo la kutembea tu? Kwa watu wazima wenye magonjwa sugu ya mapafu, badiliko ambalo mgonjwa mwenyewe analihisi maishani ni kama mita 30. Na Guyatt na wenzake walionyesha mwaka 1984 kwamba maneno ya kutia moyo peke yake yanaongeza takriban mita 30. Yaani mpimaji mchangamfu leo na mpimaji mkimya mwezi ujao wanatosha kutengeneza au kufuta "nafuu" nzima bila kidonge kimoja kubadilika. Ongeza korido fupi inayomgeuza mgonjwa kila mara, ongeza mashine ya mazoezi ya kutembea (treadmill) ambayo hupunguza umbali, ongeza kwamba mara ya pili watu hutembea zaidi kwa kuwa wameshakizoea. Ndiyo maana mwongozo mpya wa mwaka 2014 unataka kipimo kifanyike mara mbili na kichukuliwe umbali mrefu zaidi.

Sasa rudi kwenye ile karatasi iliyoandikwa "mita 410" tu. Inakwambia nini? Karibu hakuna.

Nguvu ya kushika, ile inayopimwa kwa kifaa cha kukamua kwa kiganja, nayo imekuwa maarufu. Mwaka 2015 utafiti wa PURE, uliofuatilia watu karibu 140,000 katika nchi 17, ulionyesha kwamba kila upungufu wa kilo 5 kwenye nguvu ya kushika ulikwenda na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa. Wataalamu wa Ulaya wa kupungua kwa misuli uzeeni waliweka mwaka 2019 mipaka ya kilo 27 kwa wanaume na 16 kwa wanawake; chini ya hapo nguvu inahesabiwa kuwa ndogo. Hizo ni taarifa nzuri na nazitumia. Ila kuna watu wamezielewa kwamba ukikamua mpira wa mazoezi kila asubuhi utaongeza miaka. Hapana. Mkono ni dirisha la kuchungulia misuli ya mwili mzima, na kukamua mpira kunaimarisha mkono basi.

Kwa mtoto kifaa hicho hicho kinahitaji adabu zaidi. Mshikio usiporekebishwa kulingana na kiganja chake, vidole vinabaki vimenyooka nusu na unapima urefu wa vidole badala ya nguvu. Kiwiko kikiwa kimekunjwa kwa mmoja na kimenyooka kwa mwingine, usiwalinganishe. Na mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli yake inakakamaa anaweza kukupa namba nzuri kabisa, kisha ashindwe kuachia. Namba inasema ana nguvu. Kikombe mezani kinasema vingine. Shirika la Afya Duniani, kwenye mfumo wake wa mwaka 2001 wa kuainisha ulemavu na afya, lilitenganisha vizuri sana kile mtu anachoweza akiwa mbele ya mpimaji na kile anachokifanya kweli katika maisha yake. Hizo ni taarifa mbili, na zote unazihitaji.

Halafu kuna umri. Hapa ndipo roho inaniuma zaidi. Watoto wawili wa kiume wa miaka 13, mmoja balehe imeshampandisha, mwingine bado. Wasichana kwa wastani hufikia kasi ya juu ya kurefuka wakiwa na miaka kama 12, wavulana kama 14, na ndani ya kila kundi tofauti ni kubwa mno. Tunawasimamisha kwenye mstari mmoja, tunawapimia kuruka na kurusha, tunampa mmoja sifa ya kipaji na mwingine jina la uzembe. Tulichopima hapo ni homoni.

Na hesabu ya 220 kutoa umri msiitumie kwa watoto. Mapigo ya juu kabisa ya mtoto yanakaa karibu na 195 hadi 200 na hayashuki mwaka hadi mwaka kama ya mtu mzima. Hata kwa mtu mzima mgonjwa, akiwa kwenye dawa za kupunguza mapigo ya moyo hesabu hiyo haina kazi. Muulize anavyojisikia, ndiyo maana mizani ya Borg ipo.

Mwisho, kabla sijawaachia uwanja: kupima mwendo si lazima kuwe kupima sekunde na mita. Kuna vipimo vinavyouliza mtoto anafanyaje. Kipimo cha TGMD cha Dale Ulrich, kwa watoto wa miaka 3 hadi 10, kinaangalia kurusha mpira hivi: je, anaupeleka mkono nyuma kwanza? Nyonga na bega vinazunguka? Anakanyaga mbele kwa mguu ulio upande wa pili wa mkono unaorusha? Mkono unaendelea kuvuka mwili baada ya mpira kutoka? Mtoto anaweza kurusha mbali kwa sababu ana mwili mkubwa na huku anakanyaga kwa mguu usio sahihi. Mwingine karusha karibu, lakini mpangilio wake umekamilika. Kwa mwalimu, taarifa ya pili ndiyo yenye cha kufundisha ndani yake.

Karibuni.

---

Ticha_wa_Uwanjani

Mkuu, shukrani kwa uzi. Mimi ni mwalimu wa michezo na huwa natumia zile mbio za mita 20 za kwenda na kurudi kwa mlio. Nikimaliza nabandika orodha ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho ili wahamasike. Unaniambia nakosea? Maana wale wa juu wanafurahi sana.

---

Tabibu_wa_Viungo

Mwalimu, kipimo chenyewe ni kizuri, kishike. Léger na Lambert walikichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1982, na kwenye toleo lililokuja baadaye la hatua za dakika moja moja unaanza kilomita 8.5 kwa saa, na kila dakika mwendo unapanda kwa nusu kilomita kwa saa. Hakihitaji maabara, na unaweza kupima kundi zima kwa mkupuo. Kwa uwanja wa shule sijui kingine kinachokizidi.

Orodha ukutani ndiyo iondoe. Wale wa juu wanafurahi, sawa, lakini hao wangekimbia hata bila orodha. Mtihani huu una tabia ya kumtoa mtoto mmoja mmoja mbele ya wenzake, na anayetoka wa kwanza ndiye huyo huyo unayemtaka aupende mwendo kuliko wote. Mtoto mzito anabeba uzito wake kila anapogeuka kwenye mstari; moyo wake unaweza kuwa unafanya kazi vizuri kabisa na bado akatoka mapema. Mwingine ametoka kwa sababu alianza kwa kasi mno, hajui kupangilia nguvu. Mwingine kaona rafiki yake katoka, naye katoka. Orodha yako inawachanganya wote hao na kuwaita dhaifu.

Fanya hivi: wape zoezi moja la majaribio siku nyingine kabla, ili mlio na kugeuka wavizoee. Siku ya kipimo weka mtu mzima au mwanafunzi mkubwa akimbie mbele kushika mwendo kwenye hatua za mwanzo. Kisha mlinganishe kila mtoto na matokeo yake ya muhula uliopita, faraghani.

---

Kijana_wa_Zamani

Sisi tulikua bila hivi vipimo na tuko imara. Mtoto anayecheza anajulikana, asiyecheza anajulikana. Mnatafuta magonjwa pasipo na magonjwa.

---

Tabibu_wa_Viungo

Kaka, kumtazama mtoto akicheza ni kipimo, tena mimi nakianza hicho kabla sijagusa kifaa chochote. Lakini kutazama kunahitaji kujua unatazama nini. Mvulana wa miaka minne au mitano anacheza vizuri tu na wenzake, anacheka, anakimbia kidogo. Mwambie akae sakafuni kisha asimame. Ukimwona anageuka kifudifudi kwanza, anatanua miguu, anaweka mikono magotini na kupanda juu ya mapaja yake mwenyewe mpaka asimame wima, hiyo ni dalili aliyoielezea William Gowers mwaka 1879. Inaonyesha misuli ya nyonga na mapaja imelegea, na kwa mvulana wa umri huo lazima ugonjwa wa misuli wa Duchenne, ule wa kurithi unaoila misuli taratibu, uchunguzwe. Hapo hatutafuti ugonjwa usiokuwepo. Huyo mtoto alikuwa "anacheza" na familia ilikuwa imetulia.

Na upande wa pili unaowahusu wazazi wenye hofu: Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na dirisha la kutembea mwenyewe bila kushikwa lilitoka miezi 8.2 hadi 17.6. Kwa hiyo mtoto wa miezi 14 ambaye bado hajatembea, na mengine yote yako sawa, hajachelewa. Kipimo kizuri kinatoa watu hofu pia.

---

FizioMchanga

Umegusa Duchenne, naomba niulize hapo hapo bosi. Nina mtoto wa miaka 6, kipimo cha kutembea dakika 6 kimepanda tangu mwaka jana. Mzazi anaamini ugonjwa umesimama. Nimwambieje?

---

Tabibu_wa_Viungo

Swali zuri sana hili, na ni gumu.

Mtoto wa miaka 6 anakua. Miguu inarefuka, hatua inapanuka, uratibu wa mwili unakomaa. Kwa wavulana wenye Duchenne walio chini ya miaka kama 7, ukuaji unaweza kuongeza umbali huku misuli inaendelea kupotea chini yake. Mistari miwili inapishana, na kipimo kinakuonyesha jumla yake tu. Baada ya umri huo kushuka ndiko kunaanza kuonekana.

Kwa hiyo usitegemee kipimo kimoja. Ongeza North Star, mizani ya mwendo kwa watoto wenye Duchenne, ile yenye vipengele 17 na alama 34 za juu, ambayo inatazama kusimama, kupanda kijukwaa kidogo, kuruka kwa mguu mmoja, kuinuka sakafuni na mengineyo. Kwenye kuinuka sakafuni chukua pia sekunde, na andika alivyoinuka. Mara nyingi namna ya kuinuka inabadilika kabla ya umbali kubadilika.

Kwa mzazi, mwambie ukweli mzima kwa upole: mtoto anatembea mbali zaidi, hilo ni la kweli na ni la kufurahia, na kwa umri huu sehemu yake ni ukuaji, hivyo tutaendelea kumfuatilia kwa vipimo vingine pia. Usimnyang'anye furaha, ila usimwachie imani ambayo itamvunja mwaka unaofuata.

---

Mama_Wawili

Daktari, samahani naingia na la kwangu. Mwanangu wa kiume ana miaka 7. Anaangusha vitu, vifungo vya shati mpaka leo nimfunge mimi, mpira akirushiwa unampiga kifuani ndipo mikono inakuja. Kusoma yuko vizuri. Shuleni wanasema mvivu na hana umakini. Baba yake anasema ataacha akikua. Mimi sina amani.

---

Tabibu_wa_Viungo

Dada, kukosa kwako amani kuna sababu, na nakushukuru kwa kuandika. Mimi ni mtaalamu wa viungo, si daktari, kwa hiyo chukua haya kama mwongozo wa wapi pa kwenda.

Kuna hali ambayo ukuaji wa uratibu wa mwendo unakuwa na shida yenyewe, bila ugonjwa wa misuli na bila upungufu wa akili. Makadirio yanayotumika sana ni asilimia 5 hadi 6 ya watoto wa umri wa shule ya msingi, kwa hiyo karibu kila darasa lina mmoja. Kitabu cha uainishaji cha wataalamu wa akili wa Marekani kinataka mambo manne yatimie: stadi ziwe chini sana ukilinganisha na umri na nafasi aliyopewa ya kujifunza, ziwe zinamkwamisha kwenye maisha ya kila siku, kama hivyo vifungo, ziwe zimeanza utotoni, na zisiwe zimesababishwa na macho, akili au ugonjwa wa neva. Uone hapo kwamba alama ya kipimo inajibu sharti moja tu. Lile la vifungo unalijibu wewe mama, hakuna mashine ya kukusaidia. Kwa hiyo maneno yako ni sehemu ya kipimo. Yaandike nyumbani kabla ya kwenda.

Mtaalamu atakayempima huenda akatumia MABC-2. Ina kazi nane: za vidole, za kulenga na kudaka, na za kusimama imara. Matokeo yanaelezwa kwa nafasi kati ya watoto 100 wa umri wake. Akiwa kwenye tano za chini, ni dalili ya shida halisi ya mwendo. Kati ya 6 na 15 anafuatiliwa. Juu ya hapo hana shida kwa kipimo hicho. Mwombe mtaalamu akwambie pia alivyofanya kila kazi, maana mtoto anayeshindwa kudaka tu hahitaji msaada sawa na anayeshindwa vidole tu. Macho yachunguzwe kwanza, na pia mtoto akaguliwe na daktari.

Kuhusu "ataacha akikua": kwa wengi haliachi lenyewe. Kinachosaidia ni kufundishwa kazi yenyewe, hatua kwa hatua, kwa malengo aliyoyachagua mtoto. Vifungo vinafundishwa kwa vifungo. Na lile neno mvivu naomba lisitamkwe tena mbele yake. Mtoto huyu anatumia bidii zaidi ya wenzake kufanya kile kile.

---

Mama_Wawili

Nimelia kidogo. Asante sana. Nitayaandika.

---

Mwana_wa_Mzee

Mzee wangu alipata kiharusi. Mwezi uliopita alitembea mita 10 kwa sekunde 28, wiki hii sekunde 22. Nyumbani wanasema hakuna kilichobadilika, bado anavuta mguu. Ni kweli hakuna?

---

Tabibu_wa_Viungo

Kipo. Gawanya: mita 10 kwa sekunde 28 ni kama mita 0.36 kwa sekunde. Kwa sekunde 22 ni 0.45. Kwa wazee na watu waliopata kiharusi, ongezeko la karibu 0.1 linahesabiwa kuwa la maana. Na kuna jambo jingine: Jacquelin Perry na wenzake waliwagawa mwaka 1995 watu waliopata kiharusi kwa kasi. Chini ya 0.4 mtu anatembea ndani ya nyumba tu, kati ya 0.4 na 0.8 anaanza kutoka nje kwa kiasi, juu ya hapo anakwenda kokote. Mzee amevuka mstari wa kwanza.

Hakikisha tu vipimo vilifanana: njia ile ile, viatu vile vile, fimbo ile ile, na saa ilianza baada ya kuchukua hatua chache za kuingilia siku zote mbili. Kama mwezi uliopita saa ilianza akiwa amesimama na safari hii ilianza akiwa tayari anatembea, hizo sekunde si za kuamini.

Mguu kuburuzika ni suala la namna, kasi ni suala la kiasi. Moja linaweza kusogea kabla ya lingine. Mwombe mtaalamu wake akague kifundo cha mguu na kama kifaa cha kushikilia unyayo kinamfaa, kwa sababu mguu unaoburuzika unaangusha watu hata kasi ikipanda.

---

FizioMchanga

Na kwa watoto wa mtindio wa ubongo bosi, unaanzia wapi? Wengine kila mwaka tunawaandikia lengo la kutembea na hawafiki.

---

Tabibu_wa_Viungo

Anza na GMFCS, mfumo wa Palisano na wenzake wa 1997 unaowapanga watoto hao kwa uwezo wa mwendo, kuanzia ngazi ya kwanza (nyepesi zaidi) hadi ya tano (nzito zaidi). Inachukua dakika chache, na inauliza mtoto anafanya nini kwa kawaida, nyumbani na shuleni. Kisha GMFM, kipimo cha stadi kubwa za mwendo kama kukaa na kutembea, kupima mabadiliko. Yale majedwali ya ukuaji ya Rosenbaum ya 2002 yalionyesha kwamba watoto hufikia karibu asilimia 90 ya uwezo wao wa mwendo wakiwa na miaka kama mitano au kabla, na walio ngazi ya tano mapema zaidi, kabla ya miaka mitatu.

Hiyo haina maana tuwaache. Maana yake ni kwamba kwa mtoto wa miaka 9 aliye ngazi ya nne, lengo la "atembee mwenyewe" linampa mzazi mwaka mwingine wa kushindwa. Pima vitu vingine: anakaa kitini muda gani bila kuchoka, anasukuma kiti chake umbali gani, anahamia kitandani kwa msaada wa mtu mmoja au wawili. Hapo ndipo maisha yake yanapobadilika, na hapo kipimo kinaona.

---

Ticha_wa_Uwanjani

Nimeisoma mpaka hapa, orodha nimeishusha ukutani. Swali la mwisho mkuu. Kwenye ripoti ya mzazi niandike nini basi? Na nitajuaje huyu ni wa kumpeleka hospitali, si wa kumkazania mazoezi?

---

Tabibu_wa_Viungo

Ubarikiwe mwalimu.

Kwenye ripoti andika jina la kipimo, tarehe, uwanja ulikuwaje na jua lilikuwaje, matokeo yake, na matokeo yake ya mara iliyopita. Chini ya hapo sentensi moja ya kile alichokifanya vizuri na moja ya kile mtakachofanyia kazi. Usiandike nafasi yake darasani. Kama amerefuka ghafla tangu mara iliyopita, litaje, kwa sababu wakati wa kurefuka kwa kasi wengine huonekana wazito wa miguu kwa muda na wazazi hushtuka.

Kuhusu hospitali: mtoto aliyepoteza stadi aliyokuwa nayo, mathalani alikuwa anapanda ngazi na sasa hawezi, apelekwe. Anayetumia upande mmoja wa mwili na kuuacha mwingine, apelekwe. Anayeinuka sakafuni kwa kujipanda mapaja kama nilivyoeleza juu, apelekwe. Anayekohoa au kifua kinachopiga filimbi kila baada ya mbio, apelekwe akaangaliwe pumu, usimwite mzembe.

Na yeyote anayelalamika maumivu ya kifua wakati anakimbia, au anayezirai katikati ya juhudi (si baada ya kusimama kwa muda mrefu kwenye jua), mtoe mchezoni siku hiyo hiyo. Huyo hakimbii tena kwako, hata kwa kipimo, mpaka daktari amchunguze moyo na akupe maandishi.